Uzi: Kumsoma chipukizi wa hoki ya barafu kabla ya drafti. Macho yaangalie wapi?

MkaaKona

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila ikifika Juni swali linarudi lile lile: mbona kijana mwenye pointi nyingi kuliko wote hakuchukuliwa wa kwanza? Mwaka 2025 Michael Misa alimaliza msimu na pointi 134 (mabao na pasi za bao kwa pamoja) katika mechi 65 akiwa Saginaw kwenye OHL, mojawapo ya ligi tatu kuu za vijana za Kanada. Aliyeitwa wa kwanza ni beki wa Erie, Matthew Schaefer, ambaye ligini alicheza mechi 17 tu, maana msimu wake ulikatwa na ugonjwa, kisha akavunjika mtulinga kwenye mashindano ya dunia ya vijana. Misa akaenda wa pili.

(Kwa wageni: drafti hapa si ile ya kete na vizibo vya soda pale kijiweni. Klabu 32 za NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, zinapokezana kuchagua vijana, raundi 7, majina 224.)

Uzi huu ni wa namna ya kutazama. Naanza na kiti chenyewe.

Kaa juu, kwenye kona. Ukikaa chini katikati unaona kasi na makofi ya kwenye kioo, lakini huoni nafasi. Ukiwa juu kona unaona pasi ikifunguka kabla haijapigwa, na unaona umbali kati ya beki na winga anayemjia. Timu hubadilishana upande kila kipindi, hivyo bila kuhama kiti utamwona kijana wako akishambulia mbele yako, kisha akilinda mbele yako.

Fika kabla ya kupasha misuli. Hakikisha namba za jezi zinalingana na karatasi ya vikosi, maana mabadiliko ya dakika za mwisho ni ya kawaida na kuna ripoti zimeandikwa juu ya kijana asiyekuwepo uwanjani. Andika anashika gongo upande gani. Beki wa mkono wa kulia ni adimu, bei yake inapanda kwa hilo tu.

Chagua wachezaji 3 kwa usiku mmoja, wasizidi. Zamu moja barafuni ni sekunde 40 hadi 50, na ukifuata watu 8 hutamwona hata mmoja. Zamu 5 za kwanza usiangalie kisahani (ndicho kinachogombaniwa badala ya mpira) kabisa, mwangalie yeye.

Miguu: hatua 3 za kwanza kutoka kusimama. Magoti yamekunjwa, au anakimbia wima kama aliyevaa viatu vya kuazima? Akigeuka kutoka mbele kwenda kinyumenyume, kasi inabaki au inakufa? Kukimbia mbele moja kwa moja kunafundishika hadi miaka 20 na kitu. Kugeuka bila kupoteza kasi ni kugumu zaidi kurekebisha.

Kichwa: kisahani kinapokwenda ukutani naye anakifuata, hesabu anageuza shingo mara ngapi kabla hajakigusa. Sifuri ni tatizo. Mara 2 ni nzuri. Hapa ndipo vijana wengi wanapoanguka, na kwenye jedwali la pointi hakuna safu ya kitu hicho.

Halafu akipoteza kisahani, hesabu hatua 3. Amegeuka kurudi, au anateleza huku anamtazama mwamuzi?

Mshua_Edmonton

Uzi mzuri mkuu. Swali: tarehe ya kuzaliwa inaingiaje? Nasikia watu wanasema huyu "mzaliwa wa mwisho wa mwaka" kana kwamba ni daraja la nyota.

BintiTakwimu

@Mshua_Edmonton inaingia pakubwa sana kaka. Ili uingie drafti ya mwaka fulani lazima uwe umetimiza miaka 18 ifikapo Septemba 15 ya mwaka huo. Auston Matthews alizaliwa Septemba 17, 1997. Kwa siku mbili tu akaikosa drafti ya 2015, akaenda Uswisi kucheza Zurich na watu wazima, akachukuliwa wa kwanza mwaka 2016. Sasa mlinganishe na Schaefer aliyezaliwa Septemba 5, 2007: alikuwa miongoni mwa wadogo kabisa wa kundi lake. Gavin McKenna naye ni wa Desemba 20, 2007. Hajamzidi Schaefer hata miezi 4 kwa udogo, lakini drafti yake ni ya 2026.

Kwa hiyo ndani ya kundi moja la drafti unaweza kuwa na vijana wawili waliopishana karibu miezi 12. Kwenye umri huo miezi 12 ni kilo kadhaa za misuli na msimu mzima wa mechi. Wakiwa na pointi sawa, mdogo ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi.

Kuna na upande wa pili. Hoki ya watoto Kanada hugawa umri kwa Januari 1. Wa Januari hadi Machi huwa wakubwa, wanachaguliwa timu nzuri, wanapata makocha wazuri. Wa Oktoba hadi Desemba akifika ngazi ya juu maana yake amepita kwenye chujio kali. Kwenye daftari langu tarehe ya kuzaliwa inakaa mstari wa kwanza, juu ya urefu na uzito.

Nikiwa bado hapa, niongeze kuhusu pointi, kwa sababu MkaaKona amezipita haraka kama hazina kazi. Zina kazi ukizichambua.

Tuseme kijana ana pointi 80: mabao 25 na pasi za bao 55. Hoki inahesabu hadi pasi mbili kwa bao moja. Tenganisha pasi ya mwisho na ile ya kabla yake. Tuseme 30 kati ya zile 55 ni za pili: nyingi kati ya hizo ni kusukuma kisahani kwa mwenzake aliyefanya mambo yote. Kisha toa mabao ya watano kwa wanne, wakati mpinzani yuko kwenye kibanda cha adhabu. Ukibakiwa na pointi 28 za watano kwa watano katika mechi 68, picha imebadilika.

Halafu uliza anacheza na nani. Alex DeBrincat alipofunga mabao 51 Erie mwaka wake wa kwanza, watu wakasema kabebwa, kwa kuwa nyota Connor McDavid alikuwa timu hiyo hiyo. McDavid akaondoka, DeBrincat akafunga 51 tena. Mwaka uliofuata 65. Chicago walimpata nambari 39 mwaka 2016. Njia ya kuliangalia jambo hili ni rahisi: chukua mechi ambazo nyota wa timu alikuwa majeruhi au ameitwa timu ya taifa, uone kijana wako anafanya nini peke yake.

Kulinganisha ligi na ligi, wenye hesabu hutumia kizidisho. OHL na WHL (ligi ya vijana ya magharibi mwa Kanada) kwa muda mrefu zimepewa karibu 0.30, yaani pointi moja ya huko ni kama 0.30 ya NHL. Pointi 85 katika mechi 68 ni 1.25 kwa mechi. Zidisha kwa 0.30 upate 0.375, zidisha kwa mechi 82 za NHL upate kama pointi 31. Kosa linalofanyika kila siku ni kusahau kwamba kizidisho hakijui umri. Pointi 31 za kijana wa miaka 17 na pointi 31 za jamaa wa miaka 20 anayewapiga watoto ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mwamba_wa_Nyuma

Mabeki mmewasahau kama kawaida, wacha niwasemee.

Kwa beki achana na pointi hadi umalize kuhesabu haya. Chora safu tatu kwenye daftari. Kila mara anapookota kisahani nyuma ya goli lake au kwenye kona, weka alama: ametoka nacho au amepiga pasi iliyofika, amekibutua tu kwenye ukuta au kwenye kioo, amepoteza. Mechi moja inakupa alama 12 hadi 20 hivi. Mechi 4 zinatosha kuanza kusema kitu. Beki ambaye nusu ya alama zake ni kubutua, na hapo wapinzani ni watoto wenzake, akikutana na watu wazima atakuwa anabutua kila kitu.

Pili, umbali. Mshambuliaji akivuka mstari wa katikati, beki wako yuko umbali gani? Umbali ukiwa kama urefu wa gongo mbili hadi kwenye mstari wa buluu (unaotenga kanda ya katikati na kanda ya timu), vizuri. Ukimwona anarudi, anarudi, anarudi hadi karibu na kipa wake, anaogopa kasi, na sababu iko kwenye miguu ya kurudi nyuma wala siyo kwenye akili.

Mtego mkubwa ni beki mrefu wa miaka 17. Kwenye ligi ya vijana mkono na gongo lake vinafika kila mahali, anaonekana ukuta. Tazama anafanyaje akipitwa upande wa nje: anageuka na kukimbia, au anaweka gongo na kuomba Mungu? Wengi wa hao huchukuliwa juu kisha wanapotea, kwa sababu wakubwa hawachezi mbele ya gongo lake, wanampeleka mbio kwenye kona.

Kipa_Mzee

Makipa ni biashara nyingine. Angalieni namba zao za drafti: Henrik Lundqvist 205 mwaka 2000. Pekka Rinne 258 mwaka 2004. Connor Hellebuyck 130 mwaka 2012. Igor Shesterkin 118 mwaka 2014. Wapo wa juu pia, Vasilevskiy alikuwa wa 19, lakini makipa wengi waliotamba walingoja sana kuitwa.

Sababu mojawapo ni ya hesabu. Kipa anayezuia asilimia 92 ya mashuti na wa asilimia 90, kwa shuti 25 za mechi moja, wanatofautiana nusu bao. Ni pengo kubwa. Lakini kijana anayekaa goli mechi 20 ameona shuti kama 500, na kwa shuti 500 bahati peke yake inaweza kuisogeza asilimia yake kwa pointi 1.3 juu au chini bila yeye kubadilika chochote. Kwa hiyo 92 na 90 za msimu mmoja wa vijana zinaweza kuwa kipa yule yule.

Ndiyo maana namtazama akiwa hana kazi. Kisahani kikiwa upande wa pili, anasimama wapi? Shuti likija, mabega na kifua vimekabili kisahani chenyewe au vimemkabili mchezaji? (Kisahani kiko mbele ya gongo, kama mita moja na nusu pembeni ya mwili wa mpigaji. Kipa anayemkabili mtu anaacha upande mzima wazi.) Akishapiga magoti, anainuka na mguu ulio sahihi, ule wa mbali na anakokwenda, au anajitupa? Kipa wa kujitupa anashangiliwa sana na video zake hupendeza. Mara nyingi anajitupa kwa sababu alichelewa kufika.

Shuti lililomgonga linaangukia wapi? Kona, sawa. Mbele ya miguu yake, andika.

Kifupi_Mkali

Niulize kiubishi kidogo. Mbona kila ripoti inaanza na urefu? Brayden Point alikuwa mdogo wa mwili, akaenda 79 mwaka 2014. Kucherov 58 mwaka 2011. Wote wawili wakawa nyota. Wasaka vipaji wana ugonjwa wa sentimita.

MkaaKona

@Kifupi_Mkali ugonjwa upo, sikatai. Lakini kwa kila Point wapo vijana wafupi wengi wenye pointi tele ambao hawakufika popote, na hao hatuwataji. Sentimita hazikupi jibu la swali lenyewe, nalo ni hili: anaingia katikati?

Chora nusu ya uwanja. Weka nukta kila anapopokea kisahani kwenye kanda ya ushambuliaji. Mfupi atakayefika juu, nukta zake ziko kati ya zile duara mbili za kuanzishia mchezo na mbele ya goli. Mfupi atakayekwama, nukta zake zote ziko pembeni na karibu na mstari wa buluu, kwa sababu kila akijaribu kuingia anakumbwa. Pointi zao zinaweza kulingana. Kipimo hicho hicho kinamfaa mrefu pia, kuna majitu ya mita 1.93 yanayocheza pembeni msimu mzima.

Na kwa vijana wa Ulaya kipimo hiki ni cha lazima. Uwanja wa Amerika Kaskazini ni mita 61 kwa 26. Viwanja vingi vya Uswidi vina upana wa mita 30. Zile mita 4 ndizo winga wa Ulaya anazotumia kumzunguka beki kwa nje. Akihamia kwenye mita 26 njia imefungwa, anaishia ukutani. Mtazame akibanwa ndipo uandike.

Mshua_Edmonton

Asanteni. Sasa sisi wazazi tulio huku: mtoto anaanza kuangaliwa rasmi lini? Na hii habari ya vyuo vya Marekani imekaaje?

BintiTakwimu

WHL huchagua vijana katika mwaka wanaotimiza 15. OHL na QMJHL (ile ya upande wa Quebec), mwaka wanaotimiza 16. Kucheza kabla ya umri wa kawaida kunahitaji kibali cha kipekee, na waliokipata wanahesabika: Tavares alifungua njia 2005, McDavid akakipata 2012, Bedard akawa wa kwanza kwa WHL mwaka 2020.

Vyuo: zamani ukicheza ligi hizo tatu za Kanada, NCAA, chombo cha michezo ya vyuo vya Marekani, ilikuhesabu kama mchezaji wa kulipwa, mlango ukafungwa. Novemba 2024 kanuni ikabadilishwa, ikaanza kazi Agosti 1, 2025. McKenna alikuwa na pointi 129 katika mechi 56 akiwa Medicine Hat ya WHL, akaenda chuo cha Penn State. Kwa mzazi maana yake ni kwamba uamuzi wa miaka 16 haukufungi tena kama zamani. Kwa msaka vipaji ina shida yake: kama vijana bora wa miaka 18 na 19 wanahamia vyuoni, waliobaki ligini wanakutana na upinzani mwepesi zaidi, na kile kizidisho cha 0.30 nilichotaja itabidi kipimwe upya. Mimi ningekitumia kwa tahadhari kwa misimu hii.

Kaka, ukitazama vijana wa miaka 14, kumbuka mwili. Aliyewahi kubalehe anaonekana mfalme. Mwondolee mabao yote aliyofunga kwa kumpita mtu kwa nguvu, uone kinachobaki.

NairobiBarafu

Niulize ya nyumbani basi. Kenya imeshaingia IIHF, shirikisho la dunia la hoki ya barafu, kama mwanachama mshiriki tangu 2024. Kuna cha kutazamwa hapa?

Mwamba_wa_Nyuma

Kipo, ila usitumie karatasi ya OHL. Barafu ya Panari pale Nairobi, iliyofunguliwa 2005, ni ndogo kuliko uwanja kamili. Huwezi kupima kasi ya mbio ndefu wala umbali wa beki kwenye kanda ya katikati, kwa sababu kanda hiyo karibu haipo. Unachoweza kupima vizuri ni mikono, kugeuka, na uamuzi wa haraka, maana sehemu ndogo inabana. Mtoto anayegeuza shingo mara 2 kabla ya kugusa kisahani pale Nairobi anafanya kitu kile kile kinachotafutwa Saginaw. Anachokosa ni saa za barafu na mechi za ushindani, na hizo hazipatikani bila kuhamia kwenye ligi.

Kifupi_Mkali

Na yale majaribio ya kuendesha baiskeli na kuvuta chuma? Nayo ni ya kuzingatia?

Kipa_Mzee

Kidogo. Yanafanyika mapema Juni, siku hizi Buffalo. Kuna baiskeli ya sekunde 30 ya kutoa nguvu zote, wengi wanashuka wakitafuta ndoo. Klabu zinajali zaidi vipimo vya daktari na mahojiano. Mwaka 2014 Sam Bennett alishindwa kujivuta kwenye chuma hata mara moja, magazeti yakacheka. Calgary wakamchukua wa 4. Mwaka 2025 akabeba Conn Smythe akiwa na Florida, mchezaji bora wa hatua ya mtoano. Wa miaka 18 asiye na mabega bado anajengeka.

NairobiBarafu

MkaaKona, tuwekee mfano wa ripoti basi, hata ya kubuni.

MkaaKona

Ya kubuni kabisa:

"Namba 17, winga wa kushoto, anashika kushoto. Kazaliwa Agosti. Mara ya 3 kumwona, ugenini, mechi ya 3 ndani ya siku 3. Zamu 19. Hatua za kwanza wastani, magoti yananyooka akichoka, kuanzia kipindi cha pili. Anageuza shingo kila anapokwenda ukutani, mara 9 kati ya 11. Nukta 6 katikati, 3 pembeni. Kupoteza kisahani 4, amerudi mbio mara zote 4. Pasi ya mkono wa nyuma haifiki. Shuti anaachia haraka, bila kutayarisha mwili. Bao lake ni la goli tupu, kipa alishatolewa, lisihesabiwe. Nimtazame tena nyumbani akiwa amepumzika."

BintiTakwimu

Hiyo "mechi ya 3 ndani ya siku 3" watu wasiipite. Ligi hizi zinacheza Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, na WHL safari za basi ni ndefu. Ukimwona kijana Jumapili tu utaandika "mzito". Mimi ningetaka mechi 5 angalau: mbili nyumbani, mbili ugenini, moja dhidi ya timu kali. Oktoba na Februari zote ziwemo, kwa sababu anayekua anabadilika kati ya hapo.

Na Aprili kwenye mashindano ya dunia ya U18 (vijana chini ya miaka 18), angalia kwanza nani hayupo. Wakanada ambao klabu zao bado ziko kwenye mtoano hawasafiri, kwa hiyo kijana anaweza kupewa nafasi ya watano kwa wanne ambayo klabuni kwake hajawahi kuiona.

Kifupi_Mkali

Ripoti haina neno "moyo" wala "kipaji cha kuzaliwa".

MkaaKona

Kama ana moyo, uko kwenye zile mara 4 kati ya 4. Usipoweza kuhesabu kitu, mwenzako atakayeisoma ripoti hataweza kukihakiki wiki ijayo akienda kumtazama yeye.

Jambo la kiufundi tu kwa wanaotazama kwa video: kamera hufuata kisahani, kwa hiyo zamu zile 5 za bila kisahani hamtazipata. Tumieni video kuhesabu kutoka nyuma kwa beki na shuti zinazomgonga kipa, hizo zinaonekana vizuri na mnaweza kurudisha nyuma. Hatua 3 baada ya kupoteza kisahani, hapana. Kamera inakuwa imeshaondoka.